Jambazi wa mbao: amehama, imehama au limehama?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi ni marafiki wanne, tunaishi Majengo hapa Moshi. Kila Ijumaa baada ya kazi tunakutana kibarazani kwangu tunacheza drafti, karata na sataranji, na siku hizi mwenzetu mmoja ametuletea Catan, mchezo wa ubaoni wenye mashamba na kijiti cha mbao kiitwacho jambazi, ambacho huhamishwa dadu zikitoa saba. Ijumaa iliyopita dadu zilitoa saba, mwenzangu akalishika lile jambazi akaliweka kwenye shamba langu la ngano. Nikalalamika, "Jambazi imehamia kwangu tena!" Wakaangua kicheko. Eti jambazi ni mtu, niseme "amehamia". Mwingine akadai ni "limehamia". Sataranji nayo ina ugomvi huo huo: malkia wako ameliwa, au malkia yako imeliwa? Tunataka kuandika kanuni zetu kwa Kiswahili tuzibandike ukutani, na hatutaki kubandika aibu. Nyongeza: karata zinachangwa au zinachanganywa?
Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba. Wenzako walikuwa na haki ya kucheka, ila sababu waliyokupa siyo.

Shuleni tulikaririshwa kwamba viumbe hai huenda na A-WA: mtu amekuja, mbuzi amekufa, kipepeo ameruka. Kanuni ni nzuri, lakini wengi tuliisikia nusu, tukadhani uhai umo ndani ya neno. Uhai ni wa kile unachokitaja saa hiyo. Pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ndege imetua na abiria wanashuka. Juu ya paa la uwanja huo huo ndege mwingine ametua, anajikuna manyoya. Nyumbani kwetu tulikuwa na mbuzi ya kukunia nazi iliyolegea mguu. Siku ilipouachia kabisa mama alisema "mbuzi imevunjika", akamwita fundi. Mbuzi wa jirani alipoanguka korongoni tukasema "amevunjika", na aliyeitwa hakuwa fundi. Vifaru vya jeshi vimepita barabarani, vifaru wa Ngorongoro wamepumzika. Hakuna Mswahili anayesimama kufikiri kabla ya kuchagua.

Sasa tazama kinachotokea jina la mnyama au mtu linapopewa kitu. Kitu hicho kikishapoteza uhai, neno hurudi kwenye ngeli ya umbo lake. Ndege na mbuzi, ambao umoja na wingi wao haubadiliki, hurudi I-ZI. Kifaru hurudi KI-VI. Na jambazi? Wingi wake ni majambazi, kwa hiyo likiwa kipande cha mbao linarudi LI-YA: jambazi limehamia kwako, majambazi mawili yamo ndani ya boksi. Hiyo "imehamia" yako haina mlango wa kuingilia. Si ya uhai wala si ya umbo. Labda ujitetee kwamba kichwani ulikuwa na neno "kete", yaani kete ya jambazi imehamia, na kwa utetezi huo nitakuachia, ingawa nina shaka.

Kinachonichekesha ni kwamba jibu ulikuwa nalo. Soma tena swali lako: "akalishika lile jambazi akaliweka". Mkono wako ulijua. Mdomo ndio uliokuponza, pengine kwa hasira ya ngano.

Je, aliyesema "limehamia" ndiye mshindi, wengine wanyamaze? Hapana. Mwezi uliopita nilikuwa nasubiri fundi viatu karibu na stendi ndogo hapa Arusha. Vijana wa bodaboda wana ubao wa drafti waliouchora wenyewe, na kete zao ni vizibo vya soda. Vya upande mmoja vimelala kifudifudi, vya upande wa pili chali. Kizibo kikifika mstari wa mwisho hubebeshwa mwenzake mgongoni, kinakuwa kingi. Kijana mmoja, mtazamaji tu, alikuwa anamkemea rafiki yake: "Kingi wako anakufa hapo! Mtoe!" Rafiki hakusikia, kingi kikaliwa. Yule yule aliyekuwa anakemea akaviokota vile vizibo viwili, akavitupa pembeni ya ubao: "Haya, hii imeisha."

Mtu mmoja, kingi kimoja, na hata dakika haijapita. Kikiwa mchezoni alikuwa "yeye", kikitoka ikawa "hii". Sioni kosa mahali popote katika maneno ya kijana yule. Anayecheza humwona kingi akikimbia, akitegwa, akiponea chupuchupu, na lugha inamfuata anachokiona. Kwa hiyo waliosema jambazi "amehamia" nao wako sawa wakiwa mezani: wameona mwizi akiingia shambani, hawakuona kijiti. Malkia wako ameliwa, sawa. Mchezo ukiisha, malkia imepotea chini ya kochi, sawa pia.

Ninachokikataa ni kuchanganya mawili katika sentensi moja: "kingi yangu ameliwa", "malkia yako amekwama". Najua utanijibu kwamba tunasema "rafiki yangu amekuja" na "dada yangu ameolewa". Kweli, lakini hiyo ni ruhusa ya pekee ya majina ya undugu na urafiki. Kingi si shemeji yako. Ukimpa uhai, mpe wote: kingi wangu ameliwa.

Mfalme wa sataranji ana mambo yake. Malkia na farasi, kwa kuwa hawana kiambishi cha kuwabana, huvuka kwenda I-ZI bila kelele: farasi imeruka, farasi zote mbili zimeliwa. Mfalme hawezi. Jaribu kusema "mfalme umekwama", wingi "mifalme imekwama", usikie meno yanavyouma. Umbo la M-WA limemfunga kwenye uhai hata akiwa wa plastiki. Ndiyo maana mngekuwa mmemwita jambazi wenu "mwizi", ugomvi usingezuka: mwizi amehamia, basi. Mwanasesere naye amebaki hivyo hivyo miaka yote, ameanguka, ameraruka, wakati mdoli, mgeni wa juzi asiyekuwa na ukoo, watu wamempeleka kwenye midoli bila kumwonea huruma.

Kete ni kinyume chake. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, na hakuna mchezo uliojaa uhai kama huo: kete zinaliwa, shimo moja linaitwa nyumba, jingine kichwa, na kete yako ya mwisho ikiangukia shimo tupu unasema "nimelala". Pamoja na yote hayo, sijawahi kusikia mzee yeyote wa bao akisema "kete ameliwa". Kete ni mbegu tu. Anayelala ni mchezaji.

Karata nazo zina kisa kidogo. Neno lenyewe ni la Kireno, pamoja na kopa, shupaza, uru, pau na turufu. Ree imetoka kwenye neno la Kireno la mfalme, lakini kwetu ikawa karata ya namba moja, na leo kila mtu anasema "ree imetoka". Huyo ni mfalme aliyepoteza taji na uhai kwa mpigo. Kwa hiyo "malkia ya kopa iko kwa nani?" isikusumbue, kinachoulizwa ni karata.

Tuje kwenye ukuta wenu. Kanuni zilizoandikwa hazina joto la mchezo, kwa hiyo chagueni njia moja mshikamane nayo kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Ila ipo njia ya kuukwepa ugomvi wote, nami ndiyo ningeitumia: andikeni kwa "hu-". Kiambishi hicho hakijali ngeli ya mtu.

"Mfalme husogea mraba mmoja, upande wowote. Farasi huruka juu ya kete nyingine. Dadu zikitoa saba, mwenye karata zaidi ya saba hutupa nusu yake, kisha jambazi huhamishwa."

Soma tena, utafute mahali ambapo ungeweza kuchekwa. Hapo sikufanya ujanja wowote. "Hu-" ndiyo sauti ya kanuni na mazoea katika Kiswahili, tangu kwenye methali: haba na haba hujaza kibaba. Mkiona lazima muonyeshe umiliki, semeni "wa mpinzani" kwa wote au "ya mpinzani" kwa vyote, mradi yule mfalme mumwachie "wa" yake.

Nyongeza yako haina marefu. Karata huchangwa. Kuchanga na kuchanganya ni mzizi mmoja: changa ni kukusanya pamoja, ndiyo inayotupa mchango wa harusi, na changanya imezaliwa humo humo. Anayesema "changanya karata" anaeleweka wala hajakosea, lakini neno la wachezaji ni kuchanga, na ndilo lililoingia magazetini: kocha amezichanga vizuri karata zake, mgombea anatupa karata yake ya mwisho. Hakuna mwandishi atakayeandika kwamba kocha amezichanganya karata zake akimaanisha kumsifu. Msomaji angeelewa kwamba mambo yamemharibikia.

Basi mstari wa karata uwe hivi: "Karata zichangwe mara tatu, zikatwe na aliye kushoto, zigawiwe moja moja." Hiyo mara tatu nimeiongeza mimi. Kijiweni kwetu aliyechanga mara moja tu alikuwa anapekuliwa mikono ya shati.