Maswali yenu kuhusu raku: liogopeni vumbi kabla ya moto

Safari hii wengi wameuliza kuhusu raku, ufinyanzi wa kutoa chungu tanurini kikiwa chekundu na kukitumbukiza kwenye maranda.

Nachanganya glezi (mpako unaoyeyuka motoni na kuwa kama kioo juu ya chungu) ya 80 kwa 20, unga wa madini ya Gerstley Borate na feldspa. Barakoa za kitambaa za wakati wa korona zinatosha?

Hazitoshi. Unga wenye silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, ni mwembamba mno, utapita tu. Vaa barakoa ya N95, ya kuchuja vumbi, inayobana uso, na ndevu unyoe. Vumbi hilo likituama mapafuni huleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba ya kuuondoa. Kwa hiyo tangulia maji ndooni, unga umwagie juu taratibu, ulowe wenyewe ndipo ukoroge. Ukimaliza usifagie, piga deki. Ukiongeza kaboneti ya shaba, vaa glovu. Manganizi na kaboneti ya bariamu siwashauri wanaoanza, na madini ya risasi yasiingie kabisa karakanani. Kijiko kilichopimia glezi hakirudi jikoni, hata kikioshwa mara saba.

Kikombe kimetoka kizuri ajabu. Nikinywee chai?

Hapana. Najua inauma, maana raku ilizaliwa Kyoto karne ya 16 kwa ajili ya mabakuli ya chai. Lakini huu mtindo wa maranda ni wa Marekani, ulioanza na Paul Soldner mwaka 1960. Udongo uliochomwa kwa nyuzi 1,000 hivi za Selsiasi hunywa maji, glezi yake ina nyufa, na shaba ya glezi yaweza kuyeyukia kwenye kinywaji, hasa chenye limau. Weka maua makavu.

Mbona vyungu vyangu hupasuka nikivitoa tu?

Udongo wako ni laini mno. Changanya vigae vilivyosagwa, na glezi ikauke kabisa kabla ya kuingia motoni. Koleo la kushikia chungu nalo lipashe moto kwanza.

Naweza kutumia maranda ya seremala wa jirani?

Muulize anaranda nini. Mbao tupu, sawa. Zilizotiwa dawa ya mchwa, plaiwudi au MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi), usichukue: moshi wake ni sumu. Kazi yote ifanyike nje, mahali peupe, kwani tanuri la gesi na pipa la maranda hutoa kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu, nayo haina harufu. Vaa nguo za pamba, si nailoni inayoyeyukia mwilini, na viatu vya ngozi vilivyofunika mguu. Mfuniko wa pipa usiufunue ghafla ukiwa umeinama. Hewa ikiingia, moto hurukia usoni. Subiri lipoe.

Chungu kilimeremeta kama shaba mpya, sasa kinageuka kijani. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Hewa inairudisha shaba ilikotoka, na kabati kavu litachelewesha tu. Mteja anayetaka rangi isiyobadilika muuzie glezi nyeupe ya nyufa.