Una karatasi gani?

Mwaka 2017 nilikuwa mwandishi wa kujitegemea katika wilaya moja ya kusini mwa Tanzania, nikilipwa kwa kila habari iliyotoka gazetini. Nilikuwa nafuatilia mradi wa maji ambao fedha zake zilikwisha kabla mabomba hayajafika kijijini. Asubuhi moja nikapigiwa simu. "Njoo ofisini mara moja, tuongee kidogo." Nikaenda peke yangu, sikumuaga mtu. Nilikaa kwenye benchi mpaka magharibi, na nilipoachiwa, simu na daftari langu vilibaki mezani kwa mtu ambaye hakuniandikia hata mstari mmoja.

Kesho yake nikamwendea wakili mmoja mzee. Nilimweleza yote kwa hasira. Akanisikiliza mpaka nilipoishiwa maneno, kisha akaniuliza, "Mwanangu, una karatasi gani?" Sikuwa nayo. Hapakuwa na wito, hapakuwa na hati ya upekuzi wala stakabadhi ya vitu vilivyochukuliwa. Mbele ya hakimu, siku ile ningeshindwa hata kuthibitisha kwamba ilikuwapo.

Simu ningenunua nyingine. Lakini ndani ya daftari nilikuwa nimeandika jina kamili na namba ya mtumishi aliyenionesha nyaraka za mradi. Wiki chache baadaye akahamishwa kituo cha kazi. Hakuwahi kunilaumu. Mimi sijaacha kujilaumu, na nayaandika haya kwa ajili ya kijana anayeanza kazi hii mkoani, mbali na mawakili wa Dar es Salaam.

Ukiitwa kwa mdomo, omba maandishi. Omba kwa adabu, usipandishe sauti. "Shikamoo afande. Nitakuja, ila naomba wito wa maandishi nimuoneshe mhariri wangu." Tangu siku ile nimejibu hivyo mara mbili, na mara zote mbili wito haukuja.

Askari wakija kupekua, usiwazuie kwa nguvu, maana hapo utakuwa umewapa kesi nyingine. Omba kuona hati na vitambulisho, omba mwenyekiti wa mtaa au jirani aitwe ashuhudie. Kila kinachochukuliwa kiorodheshwe kwenye stakabadhi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka anayepekua aitoe. Isome kabla hujatia saini. Simu iandikwe aina yake na namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, ambayo unaipata sasa hivi kwa kubonyeza *#06#, uiandike mahali pengine leo hii. Kituoni omba kuwasiliana na wakili na ndugu yako, wala usisaini maelezo ambayo hujayasoma.

Utaniambia karatasi haimzuii mwenye nguvu. Ni kweli, haimzuii siku hiyo. Gazeti la Mseto lilifungiwa miaka 3 mwezi Agosti 2016, lakini amri ile ilikuwa na tarehe na ilitoka kwa waziri anayejulikana, kwa hiyo ilikuwa kitu cha kubebwa mpaka Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha. Juni 2018 majaji wakasema haikuwa halali. Machi 2019 mahakama hiyohiyo ikaamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika shauri la Baraza la Habari Tanzania, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu. Leseni ya Mseto ilirudishwa Februari 2022, pamoja na za MwanaHALISI, Mawio na Tanzania Daima. Ni muda mrefu mno kwa mpiga chapa mwenye watoto. Kumbuka na hili: mahakama ile haikulazimishi umalize kwanza mahakama za nyumbani, ila inakupa miezi 2 tu tangu jambo litokee au ulijue. Ukikaa ukisubiri hasira ipoe, mlango umeshafungwa.

Kigumu zaidi ni amri isiyoandikwa. Mkubwa anampigia mhariri, "Ile habari msiichapishe," basi, imekwisha. Mhariri mmoja alinifundisha dawa yake. Akikata simu, anaandika saa, jina na maneno aliyoambiwa, halafu anatuma ujumbe: "Mheshimiwa, nathibitisha mazungumzo yetu ya saa 4 asubuhi, ambapo umeelekeza tusichapishe habari ya ujenzi wa zahanati." Anayejua agizo lake ni halali hajibu kwa ukali. Wengine hupiga tena na kusema hawakumaanisha hivyo.

Kwa chanzo chako cha habari, geuza kila nililosema. Huyo usimwachie alama yoyote. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, hivyo kumpigia simu ni kuacha jina lake pale. Onana naye ana kwa ana, na daftarini mpe alama unayoijua wewe tu. Simu ifunge kwa nywila ndefu badala ya kidole, weka ujumbe unaojifuta, na zima nakala za WhatsApp zinazohifadhiwa mtandaoni. Maxence Melo wa Jamii Forums, jukwaa la majadiliano mtandaoni, alikamatwa Desemba 2016 baada ya kukataa kutoa taarifa za wanachama wake, akapanda kizimbani miaka kadhaa. Namheshimu sana. Lakini mimi na wewe tusijitegemee kuwa na moyo kama wake. Jina ambalo hulihifadhi popote hakuna atakayekunyang'anya.

Na usitoke bila kuaga. Azory Gwanda, mwandishi aliyeandika habari za mauaji ya viongozi wa vijiji na polisi huko Kibiti, mkoani Pwani, aliondoka tarehe 21 Novemba 2017 na hajaonekana tena. Kila ninapoitwa mahali, namwachia dada yangu maandishi: naenda kwa nani, nitapiga saa ngapi, nisipopiga ampigie wakili gani. Aliwahi kunipigia dakika 10 baada ya saa tuliyopatana. Nilikuwa nanunua nyanya sokoni. Nilimshukuru kwa dhati.

Intaneti ilipozimwa tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, sikuwa na pa kutuma habari. Nikatoa daftari la kaunta nikawa naandika saa, mahali na nilichokiona kwa macho yangu, na niliyosimuliwa nikayaweka ukurasa wa peke yake. Majina hayamo. Daftari lenyewe halipo nyumbani kwangu.