Anasoma vizuri, lakini anaelewa anachosoma?

Huku kwetu Newala, mkoani Mtwara, wazazi wengi hupumua mtoto akifika darasa la tatu. Miaka miwili ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) imekwisha, mtoto anasoma bango la duka, anaandika jina lake na la baba yake, anahesabu chenji. Tunaona kazi kubwa imekwisha, sasa tumwachie mwalimu. Mimi nimelea watoto wawili wakapita darasa hilo, na wa tatu yumo sasa, na naamini hapo ndipo mzazi anapohitajika kuliko miaka yote iliyotangulia.

Darasa la kwanza na la pili mtoto hufundishwa kusoma. Kuanzia la tatu anatakiwa asome ndipo ajifunze mengine. Kwa mtaala mpya, ambao darasa la tatu walianza kuutumia mwaka 2024, anakutana na Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, juu ya Kiswahili, Kiingereza na Hisabati. Hata hesabu zenyewe zinabadilika. Haziji tena kama 24 + 13 peke yake, zinakuja na habari: mkulima alivuna magunia 9 ya korosho, akapeleka ghalani 5, kila gunia lina kilo 80, amebakiwa na kilo ngapi? Mtoto anayejua kutoa na kuzidisha lakini hajaelewa sentensi atakosa swali hilo, na nyumbani tutasema hajui hesabu.

Binti yangu alikuwa msomaji wa kusifiwa. Ukimpa kitabu anateremka nacho bila kukwama, sauti imetulia, majirani wanasikiliza. Siku moja alipomaliza ukurasa nilimwuliza, hii habari inahusu nini? Akarudi juu akaanza kusoma upya. Nikamzuia, nikamwambia funga kitabu, niambie wewe. Akanyamaza. Alikuwa anayatamka maneno yote sawasawa na hakubaki na hata moja. Nilipomweleza mwalimu wake wa darasa, akaniambia nusu ya darasa wako hivyo, na kwa wingi wa watoto alionao hawezi kumkalisha kila mmoja na kumwuliza.

Kwa hiyo kazi ya kumwuliza ni yetu. Na haihitaji elimu kubwa. Kila jioni mtoto asome ukurasa mmoja kwa sauti huku wewe unachambua mchele au unatwanga kisamvu, kisha afunge kitabu akusimulie. Baada ya hapo uliza: ni nani hao waliotajwa? Walikuwa wapi? Kwa nini alifanya vile? Ingekuwa wewe, ungefanyaje? Maswali ya "nani" na "wapi" atayajibu upesi. La "kwa nini" litamtoa jasho, usiliache. Likishakuwa jepesi kwake, hata maswali ya Sayansi yatamnyookea.

Mzazi asiyejua kusoma anaweza kufanya haya yote. Watoto wengi wa Newala, Tandahimba na Masasi wanalelewa na bibi zao, na nasikia bibi wakisema, mie mjukuu wangu nitamsaidia nini, sijaenda shule? Bibi, wewe unajua hadithi. Ukisimuliwa jambo lisilo na kichwa wala miguu unalitambua. Mwambie mjukuu asome, kisha akueleze, na akikueleza hovyo mwambie sijaelewa, rudia. Akitaka kukueleza kwa Kimakonde, mwache. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili akaweza kukupa habari yote kwa Kimakonde ameelewa kweli kweli, maana hawezi kujificha nyuma ya maneno ya kitabu. Wapo wanaowakataza watoto lugha ya nyumbani wakidhani inaharibu masomo. Sikubaliani nao hata kidogo. Na usiku ukiwatolea hadithi za sungura na fisi, au ukiwategea vitendawili, unawafundisha kufuata habari toka mwanzo hadi mwisho, jambo lile lile wanalotakiwa kulifanya darasani.

Mtasema vitabu havitoki shuleni. Mara nyingi ni kweli. Mwombe mwalimu mtoto anakili aya moja au mbili kwenye daftari aje nazo. Kama nyumbani kuna simu yenye intaneti, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao, vitabu vya kiada vinasomwa humo bila malipo. Gazeti lililofungiwa vitumbua nalo lina maneno, hali kadhalika tangazo la kijiji na karatasi ya mauzo ya chama cha msingi, ushirika tunakouzia korosho. Watoto wangu walipenda sana hiyo ya mwisho, kwa sababu ilihusu hela ya nyumbani.

Hapo hapo hesabu imeingia. Nenda na mtoto siku ya kupima korosho, asome mzani, aandike kilo, azidishe kwa bei ya mnada, kisha mlinganishe na mlichoandikiwa. Jedwali la kuzidisha alijue kwa moyo kabla mwaka haujaisha, la 2 mpaka la 12, na ajibizwe njiani kwenda kisimani bila kutazama daftari. Mtoto anayeweza hivyo hatadanganywa na wanunuzi wa kangomba, wale wanaonunua kimagendo nje ya mnada, atakapokuwa na korosho zake.

Tuisheni siishabikii kwa darasa hili. Nimeona mzazi analipa kila wiki mtoto akakae tena kwenye kundi la watoto arobaini, anakili ubaoni, anarudi gizani amechoka. Siku ya mtoto ni fupi. Akitoka shule alasiri ana madrasa, ana maji ya kuchota, na nyumba nyingi hazina taa ya kutosha. Nusu saa kabla ya magharibi, tumbo likiwa na kitu, inamfaa zaidi. Na nasema tumbo kwa sababu darasa la kwanza na la pili wanawahi kurudi, la tatu wanabaki mpaka alasiri. Ada iliondolewa, lakini uji na chakula cha shuleni bado vinategemea sana michango yetu. Kikao cha wazazi kikipanga debe la mahindi, litoe mapema.

Ukienda kwa mwalimu usiulize "anaendeleaje?", utajibiwa "vizuri". Uliza: akisoma anakwama wapi? Ni hesabu za aina gani anazokosa? Anakaa upande gani wa darasa? Hilo la mwisho ni muhimu. Mtoto anayenakili ubaoni na kukosea herufi kila mara huenda haoni vizuri, ahamishiwe mbele na apelekwe kupimwa macho. Fimbo haitamsaidia kuona.

Sasa niseme la msimu, ambalo kwetu kusini ndilo zito. Korosho zinaanza kuanguka wakati muhula wa pili umepamba moto, minada inafunguliwa Oktoba, na mitihani ya kufunga mwaka iko mbele. Mwaka unaofuata, Oktoba hiyo hiyo kwa kawaida kuna Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne. Mtoto wa miaka tisa ana mikono myepesi ya kuokota, na sote tunajua korosho ikilala chini na mvua ikaiwahi daraja lake la ubora linashuka. Sisemi mtoto asiguse shamba. Mimi nililelewa na shamba hilo, na watoto wangu wanaokota Jumamosi na Jumapili baada ya kufua sare. Lakini Jumatatu hadi Ijumaa wako darasani, na hilo tunalipanga Agosti, kabla ya korosho ya kwanza kuanguka: nani ataokota, kibarua gani tutamwita, fedha yake itatoka wapi.

Jando na unyago navyo vina wakati wake. Likizo ya Juni inatosha, ikipangwa. Kinachovuruga ni sherehe kuanza likizo ikiwa inaishia, mtoto akarudi shule wiki mbili baada ya wenzake. Zungumza na bibi zake na mjomba wake mapema, maana mjomba ndiye anayesikilizwa, mkubaliane tarehe ya kumtoa itangulie ya kufungua shule. Na kabla fungu la sherehe halijaanza kutumika, madaftari ya muhula wa pili yawe yamenunuliwa yako ndani.

Ikiwa familia inahamia kibanda cha shambani na mtoto anabaki kijijini, taja kwa jina mtu mzima mmoja atakayemsikiliza akisoma kila jioni, na mwalimu amjue mtu huyo. Ikiwa lazima mtoto akose shule siku moja mbili, nenda mwenyewe ukamwambie mwalimu wa darasa, uulize watakuwa wanasoma nini, na daftari la mtoto liende shambani pamoja na jembe.