Mwanangu, usiufanye ualimu wa muziki kuwa kazi ya akiba

Bagamoyo

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama ukimaliza masomo yako hapo TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, uuweke ualimu wa muziki pembeni, uje kuushika iwapo jukwaa halitakulipa. Mimi nasema usifanye hivyo. Ama anza kufundisha sasa, huku unapiga kinanda jukwaani, ama uuache kabisa na akiba yako uitafute kwenye kazi nyingine.

Kufundisha kuna ufundi wake. Wewe ukipiga skeli ya do, yaani noti za kupanda kutoka do hadi do ya juu, kwa mkono wa kulia, kidole gumba kinapita chini ya kidole cha kati na kutua kwenye fa bila hata kufikiri. Mwanafunzi mgeni hapo huinua kiwiko, mkono unayumba, na fa inatoka kwa kishindo kuliko noti zote. Ukimwambia arudie skeli nzima mara ishirini, atalizoea kosa. Mwalimu anayeijua kazi humkatia kipande kile tu: mi na fa, mi na fa, mapigo 60 kwa dakika, kiwiko kimetulia, mpaka noti zote mbili zitoke sawa, ndipo amrudishe kwenye skeli. Jicho la kuona kosa linaanzia wapi hulipati kwa kupiga harusini miaka kumi.

Kwenye kuimba ni zaidi. Sauti ya mtoto wa miaka 7 au 8 hukaa vizuri kuanzia re iliyo juu ya do ya kati ya kinanda hadi la inayofuata. Wewe mwanamume ukimwimbia kwa sauti yako ya kawaida, uko oktava moja chini, yaani kwenye noti zile zile lakini za kimo cha chini, naye atakufuata huko huko, ataguna na kutoka nje ya tuni. Watu husema mtoto hana sikio, kumbe amepewa noti asiyoifikia. Mpe noti kwa kinanda, kwenye kimo chake, au mtangulize mwenzake anayeshika tuni. Hapo unalilinda na koo lako pia, maana ukiimba mifano kuanzia Jumatatu, Ijumaa usiku utapanda jukwaani sauti imekauka.

Halafu kuna fedha. Ramadhani ikiingia, huku kwetu harusi husimama na mialiko ya taarabu nayo hukatika. Mwezi huo huo wazazi wengi huwapumzisha watoto masomo ya kinanda. Ukitegemea familia hizo tu, mifereji yako yote miwili itakauka kwa pamoja. Kwa hiyo tafuta na wanakwaya. Wao wanahitaji mtu wa kuwafundisha kinanda na kusoma sol-fa, yaani noti za do-re-mi, hasa kabla ya Pasaka na Krismasi.

Ajira ya shule ya serikali usiihesabu. Cheti cha sanaa peke yake hakikufanyi mwalimu wa shule. Wanataka sifa za ualimu, na shule zinazofundisha muziki hadi mtihani wa kidato cha nne ni chache. Anayeitaka njia hiyo na asomee ualimu kwa kukusudia.

Ukikubali, chukua wanafunzi wawili tu, mtoto mmoja na mtu mzima mmoja, kwa miezi mitatu. Mtoto dakika 30, mtu mzima 45. Kabla hujapanga saa, muulize mzazi mtoto anakwenda chuoni kusoma Kurani saa ngapi, maana jioni za watoto wa hapa zimeshagawanywa na ukigombania saa hiyo utamkosa mwanafunzi. Ijumaa na Jumamosi ziache kwa ajili ya muziki wako. Malipo yawe ya mwezi, masomo manne, yatangulie. Mwanafunzi asipokuja bila taarifa somo limehesabika, usipokuja wewe utamfundisha somo hilo siku nyingine. Mwambie mzazi hayo siku ya kwanza, kwa upole, kabla hujapokea hata shilingi.

Kila baada ya somo andika mstari mmoja: alikwama wapi, na ulimtoaje. Miezi mitatu ikiisha, ukiona unaingia darasani kwa kujikokota, acha, mwanangu, wala usione haya. Mtoto anayefundishwa na mtu aliyechoka naye huacha muziki akiwa bado mdogo, na hilo linaniuma kuliko wewe kukosa kipato. Lakini ukiona ile mistari inakuvutia, ongeza mwanafunzi wa tatu, na baba yako na mimi tutakuchangia kinanda cha pili.

Mama yako