Baiskeli ya umeme ya mtumba: angalia betri kwanza

Mkuu, umeuliza kama uchukue hiyo Yamaha ya mtumba kutoka Japani kwa safari za Tegeta hadi Mwenge kila siku. Fremu na breki zisikuumize kichwa, fundi yeyote wa baiskeli atazimaliza. Unachonunua hapo ni betri. Mwambie muuzaji aichaji ijae, kisha ipandishe kilima chochote huku unaangalia taa za chaji. Zikishuka ghafla kutoka nne hadi moja, halafu zikapanda tena ukifika tambarare, seli zimechoka. Shusha bei au achana nayo. Maneno ya "haina shida, ilikaa tu stoo" yasikutulize, betri ya lithiamu ikikaa muda mrefu bila chaji huharibika. Ufunguo wa betri nao uudai kabla hujatoa hela.

Halafu soma kibandiko cha chaja. Nyingi za Japani ni za volti 100, na umeme wetu ni 230. Ukichomeka hivihivi unaiunguza, kwa hiyo weka kwenye bajeti transfoma ya kushusha umeme. Mbio usitegemee: kwa sheria ya kwao mota huacha kusaidia ukifika kilomita 24 kwa saa. Kwa foleni ya barabara ya Bagamoyo, mbona inatosha.