Mtoto anayeshika fimbo ya gofu kinyume: msimgeuze mikono kwanza

Dada uliyeanzisha uzi huu, umesema kijana wako ana miaka 11, anacheza na fimbo mbili kuukuu za mjomba wake kwenye uwanja wa shule huko Ilemela, na anazishika kinyume: mkono wa kushoto chini, wa kulia juu, wakati kila kitu kingine anafanya kwa kulia. Wachangiaji karibu wote wamekwambia umgeuze mikono haraka kabla hajakomaa nayo. Mimi nakuomba usimguse kwanza.

Nimekulia Kisumu, na kuanzia miaka 13 nilibeba mifuko ya wachezaji. Sisi makedi wadogo tulikuwa na mzee wetu, tulimwita Japuonj, maana yake mwalimu kwa Kijaluo. Alibeba mifuko tangu ujana wake na hakuwahi kulipwa senti kwa kutufundisha. Siku ya kwanza alinipa fimbo, akafumba viganja vyake juu ya vyangu, akaniambia nishike kama nimeshika ngege aliye hai (huku Mwanza tunamwita sato). Ukilegeza anakuponyoka, ukimkaba anakuchoma miba. Basi. Mwezi mzima hakuniambia kitu kingine kuhusu mikono. Alikuwa anasimama nyuma yangu na kutazama tu mpira unakoelekea.

Nilipofika miaka 19 nikaenda mji mwingine, nikapata kocha wa kulipia. Hakutaka kuuona mpira wangu ukienda, alitaka mikono ifanane na picha aliyobandika ukutani. Alinifunga vidole kwa plasta kwenye fimbo ili visihame. Baada ya miezi minane nilikuwa siwezi tena kupiga mpira moja kwa moja, si kwa mtindo wake wala kwa ule wa zamani. Nikaacha. Mpaka leo linaniuma, ndiyo maana nimeandika kirefu.

Sasa kuhusu mshiko wenyewe. Afrika Kusini alikuwepo Sewsunker Sewgolum, wengi walimwita Papwa, kedi wa Durban ambaye hakujua kusoma wala kuandika. Alishika fimbo hivyo hivyo kama mwanao, kushoto chini. Mfanyabiashara mmoja, Graham Wulff, alimwona anavyocheza, akamchukua hadi Ulaya mwaka 1959. Alipeleka kipaji kama kilivyo. Papwa akashinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mwaka huo, akarudia 1960 na 1964, kwa mshiko ule ule ambao kitabu chochote kingemwambia ni kosa. Mwaka 1963 alishinda mashindano ya Natal Open nyumbani kwao, na kwa sababu ya ubaguzi wa rangi akakabidhiwa kombe nje, mvua inanyesha, wazungu wakiwa ndani ya jengo la klabu. Mwaka 1965 akashinda tena Natal, safari hii Gary Player, bingwa mkubwa wa gofu wa Afrika Kusini, akiwemo uwanjani.

Mtaniambia Papwa ni mmoja katika maelfu. Sawa. Basi chukueni mwalimu aliyefundisha mabingwa wawili kwa wakati mmoja: Harvey Penick wa Austin, Texas. Alikuwa na Tom Kite, aliyekuja kutwaa US Open 1992, na Ben Crenshaw, bingwa wa Masters 1984, yote mashindano makubwa kabisa ya gofu Marekani. Watoto wa mji mmoja, klabu moja. Penick hakumruhusu mmoja atazame somo la mwenzake, kwa sababu dawa ya huyu ingekuwa sumu kwa yule. Kwangu mimi, hilo tu linatosha kumjua mwalimu.

Crenshaw alipokuwa mdogo, Penick alimwambia apige mpira ufike kwenye nyasi fupi zenye shimo. Ukafika. Akamwambia, haya, twende tukausukume shimoni. Mtoto akamuuliza: kama ulitaka uingie shimoni, mbona hukusema tangu mwanzo? Nikiikumbuka nacheka kila mara. Lakini tazama pia kwamba mtoto alikuwa huru kumjibu mwalimu wake hivyo.

Penick alifariki tarehe 2 Aprili 1995, akiwa na miaka 90. Muda mfupi kabla, akiwa kitandani, bado alimpa Crenshaw somo la kusukuma mpira. Jumatano Crenshaw na Kite wakabeba jeneza lake. Jumapili ya tarehe 9 Crenshaw, miaka 43, akashinda Masters kwa mara ya pili. Mpira wa mwisho ulipoingia aliinama akalia, na kedi wake Carl Jackson akaja kumshika mabega.

Japuonj naye alikuwa na kichekesho chake. Mtoto mpya akitetemeka kwenye mpigo wa kwanza, alimsomea kanuni ya mwaka 1950 ya Nyanza Club, klabu ya pale pale Kisumu, kwa sauti ya hakimu: mpira ukitua karibu na kiboko au mamba kwa namna ya kuhatarisha, dondosha mwingine mahali salama, pasiwe karibu zaidi na shimo, hakuna adhabu. Kanuni ya kweli kabisa. Na Jinja walikuwa na ya kwao, mpira ukiingia kwenye alama ya mguu wa kiboko unauokota bure. Mtoto akishacheka mabega yanashuka, anapiga vizuri. Mzee alijua anachofanya.

Kwa hiyo dada, kabla ya mikono, pima fimbo. Fimbo ya mtu mzima ni ndefu na nzito kwa mtoto wa miaka 11, na watoto wengi niliowaona wakigeuza mikono walikuwa wanatafuta tu nguvu ya kuiinua. Ukimpatia ya kimo chake, huenda mikono ikajipanga yenyewe. Isipojipanga, na mpira unaenda anakotaka bila kifundo cha mkono kuuma, mwache. Kocha yeyote utakayempata, mwombe atazame mipira 20 bila kusema neno, kisha umuulize ni kitu gani kwa mtoto asingekigusa. Akikosa jibu, mrudishe nyumbani mwanao.

Mimi niko Kirumba. Nina fimbo ya chuma namba saba niliyoikata kwa ajili ya binti yangu, sasa imeshakuwa fupi kwake. Nitumie ujumbe wa faragha, Jumamosi asubuhi naileta hapo shuleni.