Jibu: Monita ya VGA imegeuka njano

Mkuu, umeuliza kama njano hiyo inamaanisha kadi ya picha imekufa. Usikimbilie dukani. VGA, ile kebo inayopeleka picha kutoka kompyuta hadi monita, hupitisha kila rangi kwenye waya wake: pini ya 1 nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 bluu. Bluu ikikatika, nyekundu na kijani zinachanganyika, ndiyo hiyo njano unayoiona. Chomoa kebo, mulika kichwa chake kwa tochi ya simu, upande mpana ukiwa juu: pini ya 3 ni ile ya katikati safu ya juu. Ikiwa imepinda, inyooshe taratibu kwa kibano. Ukikuta pini ya 9 haipo usishtuke, kebo nyingi hutoka kiwandani hivyo. Ukirudisha, kaza skrubu zote mbili (wengi hawazigusi kabisa). Njano ikibaki, azima kebo nyingine kwanza.